Vidole Vinane

Mimi shule sikusoma sana. Naanza na hilo mwenyewe, nikuondolee kazi ya kunichunguza. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, kwa sababu mama alikuwa akiuza mandazi na wa kubeba beseni nilikuwa mimi. Lakini nenda Katwe leo. Ingia kwenye vichochoro vya wafua vyuma, kule ambako simu ikilia mfukoni huisikii, uliza ni nani anayetengeneza mageti mazito yanayofungwa kwa kidole kimoja. Watakuleta kwangu. Nina karakana mbili. Nina nyumba ya ghorofa Kyebando, na geti la nyumba hiyo watu husimamisha bodaboda ili walipige picha. Sijisifu. Nakueleza tu anayezungumza ni nani.

Na Kiswahili ninacho. Hapa Kampala ukiongea Kiswahili dukani wanakutazama kama umekuja kukamata mtu, maana wengi wamekijua kwa askari. Changu ni cha nyumbani. Babu zetu walipanda huku na biashara zao kutoka pwani, wakakaa, biashara zikaisha, lugha ikabaki. Basi nilipokwenda kuposa sikuona haya kuposa kwa mwalimu. Nilimwambia, "Baba, mimi sina cheti, lakini binti yako hatalala njaa." Akasema, "Sentensi fupi. Nzuri." Akanipa mke.

Habari za mzee huyo ndizo ninazotaka kusema, na siku walipokuja kumchukua.

Simu ilinikuta karakana, mashine ya kukatia chuma inapiga yowe. Nikatoka mpaka barabarani ndipo nikasikia.

"Bwana mkwe," sauti ikasema, laini, ya mtu aliyezoea kupewa anachotaka. "Mimi mtoto wa kaka yake mzee. Nipo Pemba. Tunakuja wiki ijayo kumchukua ami, arudi kwao."

"Kumchukua kama mzigo?"

Akacheka. "La, bwana, kwa heshima zote. Nakuja na wanafunzi wake wawili wa zamani, wamsindikize. Nyumba ipo. Chumba chake cha juu kipo, kinamngoja. Mtu mzima afie kwao, au siyo?"

Nilirudi karakana na simu mkononi, vumbi la chuma limenijaa usoni.

Baba mkwe wangu amepita themanini. Macho yamemwacha, anajua mwanga na giza, basi. Tangu mama mkwe alipofariki anakaa kwangu, chumba cha chini, karibu na baraza. Zamani za Waingereza alikuwa mwalimu wa skuli kule Pemba (yeye husema skuli, mimi nasema shule, na hajawahi kukubali kwamba ni kitu kimoja). Alikuwa mwandishi pia. Hadithi zake watoto wa kisiwa kizima walijifunzia kusoma.

Hadithi moja ilimtoa kisiwani. Alinisimulia mara nyingi, kila mara kwa maneno yaleyale, kama mtu anayesoma. Aliandika habari za mchumaji wa karafuu. Mtu huyo amepanda mkarafuu mrefu, amejaza pakacha lake, anaona tawi moja la mwisho lililobeba sana, ananyoosha mkono. Ukurasa unaofuata tawi linakatika, mtu anaanguka. Afisa wa elimu, Mzungu, akaisifu hadithi ile, kisha akaung'oa ukurasa wa mwisho. Akamwambia serikali haiwezi kufundisha watoto kwamba karafuu inaua watu. Kitabu kikapigwa chapa hivyo hivyo. Mtu yuko juu ya mti, amenyoosha mkono, hadithi imekwisha. Watoto wakawa wanauliza, "Kisha, mwalimu?" Naye haruhusiwi kujibu.

Alibishana na yule afisa. Kwa kubishana akahamishiwa kisiwa kidogo, skuli isiyo na paa. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa Kampala aliyekuwa akitafutia watoto wa jamaa zetu mwalimu akamwandikia aje. Akavuka bahari, akapanda treni na mkewe, akidhani anakuja kwa muda. Kisha mambo ya kule yakageuka, walio nje wakashauriwa wangoje kwanza. Amengoja.

Na alitaka kurudi. Hilo lijue kuanzia sasa, usije ukadhani nasimulia habari za mzee aliyetaka kukaa kwangu. Kila asubuhi baada ya sala alikuwa akiipita nyumba yao kwa mdomo, polepole, kama nyuradi: "Ukiingia, kulia ukumbi. Kushoto ghala. Ngazi, ya tatu inalia. Juu, chumba changu. Dirisha hili bahari, dirisha hili mikarafuu." Mimi nakunywa chai yangu pembeni, ndani ya nyumba yenye vigae vya kung'aa hadi jikoni, na mzee anatembea kwenye nyumba nyingine. Miaka yote aliyokaa kwangu hakuwahi kuniuliza hata geti langu likoje. Iliniuma. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Nilipomfikishia habari ya simu, hakuruka wala hakulia. Aliuliza jambo moja.

"Chumba cha juu kipo?"

"Wamesema kipo, baba."

"Wamesema," akarudia. Kisha akamwita binti yake amtolee kanzu nyeupe.

Mke wangu akaanza kupanga nguo za baba yake siku hiyohiyo. Kila alichokikunja alikikunjua, akakikunja tena. Nikasimama mlangoni.

"Usimzuie," akaniambia bila kugeuka.

"Nani anamzuia?"

"Wewe. Uso wako huo. Unataka awe wako. Wageni wakija unamtoa sebuleni umwoneshe kama televisheni mpya."

"Televisheni yangu watu wanaijua. Sina haja ya kuionesha."

Hakucheka. "Baba yangu anataka kufia kwao. Nami nitakaa huku nikisikia kwa simu kwamba amezikwa. Nimekubali. Na wewe ukubali."

Nikasema nimekubali. Maneno yalinitoka kama msumari uliopinda.

Kabla sijafika siku yenyewe, lazima nikupe jambo moja la skuli ya mzee, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea sebuleni kwangu. Alinieleza barazani, alasiri moja, tukila karanga.

Zamani zile mkaguzi alikuwa akija, Mzungu wa soksi ndefu, anasimama nyuma ya darasa. Mwalimu anauliza swali, mkaguzi anatazama mikono. Mikono michache, mwalimu ameandikwa vibaya, na mwalimu aliyeandikwa vibaya anahamishwa. Basi mzee akawafundisha watoto wake: kila ninachouliza, wote nyosheni mikono. Anayejua, anyooshe kiganja wazi, vidole vitano. Asiyejua, au swali lenyewe lina uongo ndani, akunje kidole gumba kiganjani, vibaki vinne. Vitano, niulize. Vinne, niruke, mwalimu. Mkaguzi kwa nyuma anaona msitu wa mikono, anafurahi, anaandika vizuri, anakwenda zake kunywa chai.

"Na hakuna mtoto aliyewahi kutoboa siri?" nikamuuliza.

"Hata mmoja. Wengine walikuwa wajinga wa kupindukia, lakini siri waliijua."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na karanga. Hiyo ndiyo elimu ninayoielewa mimi.

Siku ikafika. Asubuhi nilikwenda Ggaba, ziwani, mwenyewe, sikutuma mtu. Wageni wa kisiwani wanataka samaki, na samaki wa kwangu hawezi kuchaguliwa na mtu mwingine. Nilishindana bei na wale mama wa ufukweni mpaka mmoja akaniambia, "Ssebo, bwana, wewe unanunua samaki au unanunua boti?" Nikarudi na sato wakubwa, macho bado yanang'aa.

Adhuhuri gari likapiga honi nje. Nikafungua geti kwa kidole kimoja, ili waone. Mpwa wa mzee, yule wa simu, akashuka: mtu wa makamo, rika langu, kanzu ya bei, manukato yamemtangulia. Akalipiga geti langu kofi kama mtu anayepiga ng'ombe. "Zito," akasema. Basi. Hakusema lolote jingine. Nikajua mimi na huyu hatutapatana.

Nyuma yake wakashuka wazee wawili. Mmoja mnene, mwenye mkongojo, aliyekuwa karani wa bandarini. Mwingine mwembamba, mwenye kikohozi, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu. Watu waliopita sabini, wenye wajukuu. Wakafika kwenye mlango wa sebule wakavua viatu, wakasimama. Hawakuingia. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kanzu nyeupe, kofia imenyooka.

"Shikamoo, mwalimu," wakasema pamoja.

"Marahaba. Ingieni."

Ndipo wakaingia. Yule mwembamba akakohoa, na mzee akageuza uso upande ule. "Wewe bado unakaa karibu na dirisha? Sikukwambia uhamie katikati?"

Mzee mwembamba akaufunika uso kwa mikono. Mke wangu, nyuma ya pazia la ukumbini, nikamsikia akivuta pumzi.

Tukala. Mpwa alikula vizuri, akisema na kutafuna. "Samaki wa maji baridi, ndugu yangu, hana ladha. Hana chumvi yake mwenyewe. Lakini si haba." Nilimeza. Kwangu, samaki wangu, kutoka mikononi mwangu. Nilimeza kwa ajili ya mke wangu.

Mpwa akawa anaeleza. Chumba cha juu kimepakwa chokaa. Kitanda kipya. Hadithi za mzee zitakusanywa, zipigwe chapa upya, na ule ukurasa wa mwisho urudishwe. Hapo mzee akainua kichwa.

"Ukurasa wa mwisho?"

"Wote, ami. Kitabu kizima, kama ulivyoandika. Na skuli itakualika uwasomee watoto."

"Mimi sioni."

"Utasema, watu watasikia."

Kila yule mnene alipofungua mdomo, mpwa alimwekea kipande cha samaki sahanini. "Kula, mzee, safari ndefu." Kisha akanigeukia mimi, kama mtu anayeonesha mali yake: "Huyu mwanawe yuko kazini kwangu. Na huyu mwalimu nimempa chumba uani, bure kabisa. Wazee wetu tunawatunza." Wazee wote wawili wakainamia sahani. Mwembamba hakuwa amegusa chochote.

Mimi ni mtu wa vyuma. Chuma kilichoungwa vibaya huna haja ya kukipiga nyundo. Unakigonga kwa kucha tu, unasikiliza. Pale mezani nilikuwa nasikia mlio mbaya, lakini sikujua unatoka wapi, na niliogopa unatoka kwangu mwenyewe. Kwa sababu nilitaka abaki. Mtu anayetaka kitu sana husikia anachotaka kusikia.

Tulipomaliza kunawa, mpwa akatazama saa. "Basi, ami. Tiketi ni za kesho. Twende tukalale karibu na uwanja wa ndege."

"Leo?" mke wangu akatokeza kutoka nyuma ya pazia. "Hamkusema leo."

"Dada, mambo yakikaa sana yanachacha."

Mzee akainua mkono mmoja, kidogo tu, na sote tukanyamaza. Sijui walimu wa zamani walilishwa nini. Mimi nikitaka watu wangu wanyamaze karakana, napiga bomba kwa nyundo.

"Sijakaa na darasa langu," akasema, "tangu nilipoliacha. Kabla sijaondoka nataka niwaulize maswali. Mnaruhusu?"

"Waulize, ami, waulize," mpwa akasema, akitabasamu, akajiegemeza kwenye kochi la ukutani, nyuma yao.

"Mimi siwaoni. Mkwe, njoo usimame hapa mbele. Wewe utanihesabia."

"Nihesabu nini, baba?"

"Mikono. Na vidole. Usiwaache watoto wakanidanganya."

Mpwa akacheka. Mimi nilikuwa nimeelewa. Nikasimama kando ya kiti chake, nikiwatazama wale wazee wawili kwenye kochi la mbele. Nao walikuwa wamekaa wima, kama wanangu wakiwa kwa daktari.

"Swali la kwanza. Nani anakumbuka mti uliokuwa uani mwa skuli?"

Mikono ikapanda. Yote miwili, viganja wazi, bila kutetemeka.

"Mikono miwili," nikasema. "Vidole kumi."

"Mshelisheli, mwalimu," mnene akajibu, na sauti ilikuwa ya mtoto.

"Vizuri." Mzee akapitisha ulimi kwenye midomo. "La pili. Nani anajua kwamba nyumba yangu ipo, na chumba changu cha juu kipo, kinaningoja?"

Nje bodaboda ikapita. Kisha mkono wa mwembamba ukapanda polepole, na wa mnene ukafuata. Mpwa, nyuma yao, aliona migongo miwili na mikono miwili juu, akatikisa kichwa kwa furaha.

Mimi niliona kwa mbele. Vidole gumba vilikuwa vimelala ndani ya viganja. Yule mwembamba alikuwa amekibana chake kwa nguvu hadi ukucha umekuwa mweupe.

Sasa sikiliza. Mzee haoni. Mke wangu yuko pembeni, haoni viganja. Mpwa yuko nyuma. Katika sebule ile mtu pekee aliyeona ni mimi, na mtu pekee aliyekuwa na sababu ya kusema uongo ni mimi. Nikisema kumi, mzee anapanda gari akiwa na furaha kuliko siku zote nilizomjua. Nikisema vinane namvunja, na hakuna atakayejua kama nimesema kweli au nimejihesabia haja zangu. Uso wake ulikuwa umeinuka kunielekea. Alikuwa anangoja kumi. Nakuapia, midomo yake ilikuwa imeshaanza kulitamka.

"Mikono miwili, baba," nikasema. "Vidole vinane."

Mpwa akapasuka kicheko. "Vinane! Vimepungua viwili njiani? Huko Katwe ndivyo mnavyohesabu?"

Mikono ikashuka haraka. Kisha mzee naye akacheka, kicheko kikavu.

"Msamehe mkwe wangu," akamwambia mpwa wake. "Hakusoma."

Katika maisha yangu watu walioniambia hivyo wamejuta. Niliwahi kumrudishia mteja malipo yake yote kwa neno hilo. Siku ile nilisimama na mikono yangu mikubwa nimeining'iniza, nikasema, "Kweli, sikusoma."

"Mkwe," mzee akasema, taratibu. "Umehesabu vizuri?"

"Nimehesabu, baba."

"Nipelekeni nitie udhu."

Mke wangu akampeleka. Aliporudi alinikamata shati, akanivuta kwenye ukumbi wa jikoni. Ule mchezo wa mikono anaujua tangu utotoni.

"Ulihesabu kweli au ulijihesabia wewe?"

"Kweli."

"Apa."

"Wallahi."

Alinitazama muda mrefu. Mke wangu huyo nimeishi naye, nimemjengea, nimemsomeshea watoto, na macho yake yalikuwa macho ya mteja anayechungulia rangi aone kama chini kuna kutu. "Kama umemwibia baba yangu nyumba yake," akasema, "sitakusamehe, na nitakaa humuhumu nisikusamehe." Akaondoka. Sikuwa na kitu cha kumwonesha. Ushahidi wangu ulikuwa umeshashushwa mapajani mwa wazee wawili wenye hofu.

Mzee alisali. Aliporudi hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti chake, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Nakushukuru, mwanangu, kwa kunikumbuka. Siendi."

"Ami?"

"Siendi."

"Ami, umechoka. Tupumzike, tutaongea."

"Sijachoka. Nimeamua."

Mpwa akasimama. Ile sauti laini ikakatika. "Huwezi kuamua hivyo! Warithi wenzako wote wameshakubali, umebaki wewe. Kadhi hataki karatasi, anataka mtu mwenyewe asimame mbele yake aseme kwa mdomo wake. Hao wanunuzi hawatungoji sisi!"

Neno lilipomtoka akalijua.

"Wanunuzi gani?" mzee akauliza, kwa upole, kama unavyomuuliza mtoto ana nini mfukoni.

Mzee mnene akajiinua kwa mkongojo wake, mpaka akasimama wima. "Wa hoteli, mwalimu. Wanataka kiwanja. Chumba cha juu kilianguka masika yaliyopita, kikaondoka na ngazi. Kuna kuta za chini tu."

"Na kitabu?"

"Hakuna kitabu, mwalimu."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ananitazama mimi. Alichukua birika akaanza kunimiminia chai, kwanza mimi kabla ya wageni, jambo ambalo kwetu halifanywi.

Mpwa alikaa chini. Nitasema haki yake, hakukimbia. "Nyumba inaanguka, ami," akasema, akitazama zulia. "Mimi nina watoto. Nani wa kuijenga? Wewe? Kila masika tunahesabu kilichobaki. Nilijua nikikwambia imeanguka hutakuja."

"Ungeniambia imeanguka," mzee akasema, "ningepanda gari."

Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Hapo ndipo nilipoona amezeeka. Asubuhi alikuwa mtu wa nyumba ya madirisha mawili. Saa hii alikuwa mzee kwenye kiti sebuleni kwangu.

Walipoondoka niliwatoa mpaka nje. Mzee alitaka kusimama getini, nikamshika mkono. Kabla ya kuingia garini mpwa alimbusu ami yake mkono, na mzee hakuuondoa. Mzee akamwambia kama kuna kadhi anataka kusikia sauti yake, wapo makadhi Kampala, atasimama mbele yao aseme ukweli, auze anayetaka kuuza. Mwembamba akaaga huku akilia waziwazi. Sikujua atalala wapi akirudi kwao, kama kile chumba cha bure bado kitakuwa chake. Nilimpa namba yangu ya simu. Nilimwambia mtu wangu akipata shida, mimi huwa sichelewi. Hilo ni kweli, uliza yeyote.

Mnene alikuwa wa mwisho. Aliweka mguu mmoja garini, akautoa.

"Mwalimu, samahani. Kuna swali nimelibeba tangu darasa lile. Yule mchumaji wa karafuu. Alishuka?"

Mzee alinibana mkono.

"Alianguka," akasema. "Tawi lilikatika. Ukurasa wa mwisho watu wanasikia kishindo, lakini mvua inakuja, karafuu zitaharibika. Wanamaliza kuchuma kwanza, ndipo wanakwenda kumchukua."

Mzee mnene akatikisa kichwa. "Tulidhani hivyo," akasema. "Sote tulidhani hivyo." Akaingia garini.

Niliwafungia geti. Usiku ule mke wangu alizirudisha kanzu za baba yake kabatini, moja moja, na hakuzikunjua tena.

Asubuhi yake nilikaa barazani na chai yangu, nikingoja. Mzee alimaliza sala, akatoka kwa fimbo yake, akakaa mahali pake. Nikajitayarisha kusikia ukumbi, ghala, ngazi ya tatu. Hakusema. Alikaa tu, mdomo umefungwa, uso kuelekea barabarani, mpaka nikaanza kuogopa. Nilitaka kumwita binti yake.

"Mkwe," akasema mwishowe.

"Naam, baba."

"Jana wakati wanaondoka ulifunga kitu. Sikusikia bawaba. Sikusikia hata chuma kugusana na chuma. Kilifungwaje?"

"Geti, baba. Geti langu."

"Likoje?"

Nikaweka kikombe chini. Nikamweleza. Nilianza na chuma chenyewe, nilikoanza kukipata, jinsi nilivyoshinda siku kutwa juu ya bawaba moja mpaka ikakubali, rangi niliyoipaka na niliyoikataa, maua ya pembeni niliyoyapinda kwa mkono bila mashine. Nilisimama, nikamshika mkono, nikampeleka akaligusa kutoka chini mpaka pale mkono wake ulipoishia. Akalisukuma kwa kidole kimoja, likaenda. Akalivuta, likarudi. Akafanya tena.

Niliongea mpaka chai ikapoa. Hakunikatiza hata mara moja.